Kumuaga Daktari Aliyetuuliza Habari za Mkojo

Mheshimiwa Emojong, Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Usafi wa Mpakani na mgeni wetu rasmi. Waheshimiwa madiwani kutoka pande zote mbili za mtaro. Sheikh wetu na Mchungaji wetu, ambao leo mmekubali kukaa chini ya hema moja kwa sababu ya choo. Waganga na wauguzi mliotoka Tororo na Busia. Ndugu wageni waalikwa. Ndugu madereva wa malori, ambao hamkualikwa lakini foleni imewaleta. Kina mama wa Soko la Mtaroni, wenye shughuli yenu. Na wewe Daktari Erastus Imalingat, pamoja na mkeo Mama Jovia: asalaam alaykum, Bwana asifiwe, mulembe, yoga.

Mimi ni Hajati Hadijah, muuza maharagwe na mahindi, na mwenyekiti wa kina mama wa soko hili. Kijana wa itifaki alitaka nisome hotuba ya Kiingereza aliyoniandikia. Nimemrudishia. Kiswahili chetu cha hapa mpakani kina makosa yake, nakubali. Msamia anakipinda, Mjaluo anakivuta, na sisi wa upande wa Uganda tunakikata mkia. Lakini hicho ndicho tulichokitumia kudai choo hiki, na sioni sababu ya kukifungua kwa lugha ambayo haikushika hata tofali moja.

Kwa wale waliotoka mbali, naomba niwaonyeshe mahali mlipokaa. Mtaro huo mnaouona, wenye maji ya mvua na maganda ya ndizi, ndio mpaka. Huku ni Uganda, kule ni Kenya. Mbuzi akiuruka, amesafiri nje ya nchi. Soko letu limekaa huku na huku, kama mtu aliyeketi viti viwili, na kina mama wanaouza hapa wanatoka Mulanda, Petta, Mella, na ng'ambo ya pili pia, kila mmoja na lugha yake na kikapu chake. Kwa miaka yote niliyouza hapa, serikali mbili zilitutoza ushuru, serikali mbili zilitukagua, serikali mbili zilitukumbusha kupiga kura. Je, ni ipi kati ya hizo mbili iliyojiuliza tunajisaidia wapi?

Hakuna. Aliyeuliza ni huyu mzee mrefu aliyeketi pale akijifanya anatazama viatu vyake.

Nakumbuka siku aliyoniuliza mimi. Daktari alikuwa ameanza kuja sokoni siku za Jumatano, siku yake ya mapumziko kutoka hospitali, na meza ya kukunja na muuguzi mmoja, akiwapima bure watu wasioweza kufika Tororo. Tulimpenda. Aliwatibu watoto kikohozi, akawafunga madereva vidonda, akawaambia wazee wapunguze chumvi. Basi asubuhi moja nilikuwa napatana na mteja wangu mkubwa, mwanamume wa heshima zake kutoka Nairobi, mara Daktari akaja akasimama mbele ya magunia yangu.

"Hajati, habari ya asubuhi."

"Nzuri, Daktari."

"Leo umekwenda haja ndogo?"

Ndugu wageni waalikwa, yule mteja aliyaacha maharagwe na kikokotoo chake akaondoka. Nikavuta ushungi wangu vizuri, nikamwambia, "Daktari, mimi ni mama wa watu. Nimehiji Makka."

"Hongera sana," akasema. "Na huko Makka, ulikwenda?"

"Nilikwenda. Vyoo vya Makka ni vingi."

"Na hapa?"

Nikageukia magunia yangu, nikaanza kuyafunga upya. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijakwenda tangu alfajiri nilipotoka nyumbani, wala sikutarajia kwenda mpaka magharibi nitakaporudi, na hivyo ndivyo nilivyoishi miaka mingi nikidhani kwamba ndio uanamke.

Hakuishia kwangu. Alipita meza kwa meza, na sauti yake, kama mnavyoijua, haijui kunong'ona. Aliwauliza wauza nyanya, akawauliza wauza mitumba, akamuuliza mama mkwe wa Mchungaji. Kina mama wakianza kuona koti lake jeupe linakuja kutoka stendi ya malori, wanajificha nyuma ya magunia. Wakambatiza jina la Daktari Mkojo. Uvumi ukazuka kwamba ametumwa na kampuni ya Wazungu inayonunua mkojo wa Waafrika kutengenezea mbolea, na kuna mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyekuja na dumu lake kabisa akitaka kujua bei. Mama Jovia, wewe ndiye uliyepata taabu zaidi. Najua kwamba kanisani kwenu Mella ulisimamishwa siku moja mbele ya wageni, ukatambulishwa kwa nia njema kabisa kuwa mke wa Daktari Mkojo. Ulikaa ukaimba wimbo uliofuata kama kawaida. Hiyo ni ndoa, ndugu zangu. Watu wanafunga harusi kubwa kubwa, lakini ndoa ni hiyo.

Alikuwa akitafuta nini, mzee huyu? Nitawaambia, maana baadaye alituambia mwenyewe. Pale kwenye meza yake ya Jumatano, wanawake wa soko hili walikuwa wakirudi na ugonjwa uleule. Maumivu chini ya kitovu, homa, mgongo unawaka. Anawapa dawa, wanapona, mwezi hauishi wamerudi. Daktari mwingine angeandika dawa kali zaidi. Huyu akaacha meza akaja kutazama tunavyoishi, na alichokiona ni kwamba kutoka asubuhi hadi jioni, katika jua hili na vumbi hili la malori, hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa akinywa kitu.

Akaita mkutano. Akasimama juu ya kreti ya soda akatuhutubia kuhusu figo, kwa ufasaha mkubwa, na mwisho akasema, "Kwa hiyo, kina mama, kunyweni maji."

Mildred, ambaye mnamjua wote kwa chai na chapati zake upande ule wa Kenya, akanyoosha mkono. "Daktari," akasema, "tukiyanywa, tuyapeleke wapi?"

Hilo ndilo swali lililomharibia Daktari kazi yake nzuri ya hospitali. Maana palikuwa wapi pa kuyapeleka? Palikuwa na hoteli moja ng'ambo ya barabara, choo chake kina kufuli, ufunguo anao meneja, na meneja haonekani. Palikuwa na ukuta wa nyuma ya ghala, ambao ulikuwa wa wanaume, umeandikwa kwa rangi nyekundu "Usikojoe Hapa", na kwa kweli sijapata kuona andiko lililosomwa na watu wengi hivyo likatiiwa na wachache hivyo. Na palikuwa na shamba la miwa, ambalo mwenyewe aliliwekea mbwa aitwaye Askari. Askari alikuwa hana upendeleo. Aliwafukuza Waganda, akawafukuza Wakenya. Ndiye pekee hapa mpakani aliyetekeleza ile jumuiya ya Afrika Mashariki bila kusubiri kikao.

Mildred naye alikuwa na uchungu wake, na hakuuficha. Wateja wake wote walikuwa wanaume. Wanawake walinunua chapati, wakaitafuna kavu, wakaenda zao. "Nimepika chai hapa miaka mingi," alisema, "na sijawahi kumwona Hajati akimaliza kikombe."

Basi Daktari akaanza safari za ofisini. Upande huu akaambiwa kiwanja kinachofaa kiko karibu mno na Kenya. Upande ule akaambiwa watumiaji wengi ni Waganda. Hatimaye ikaundwa Kamati ya Pamoja, na Mheshimiwa Emojong, sisemi haya kwa ubaya, Kamati yako ilikutana mara nyingi, na kila mara ilikutana katika hoteli zenye vyoo vizuri mno. Kamati ikaamua kwamba kabla ya kujenga, ufanyike utafiti wa kubaini watumiaji wa choo watakuwa raia wa nchi gani, na kwa viwango gani, ili gharama zigawanywe kwa haki. Daktari akasimama akawaambia, "Waheshimiwa, kibofu hakina pasipoti." Katibu akaandika kwenye kumbukumbu za kikao: Daktari ameibua suala la pasipoti, lipelekwe Uhamiaji. Na likapelekwa. Na Uhamiaji wakamwita Daktari ahojiwe kuhusu pasipoti yake.

Tulicheka sana siku hiyo. Daktari mwenyewe alicheka mpaka akafuta miwani.

Lakini kuna siku hatukucheka, na Akwi ameniruhusu niiseme. Akwi, simama mwanangu wakuone. Huyu ndiye Akwi, muuza nyanya kutoka Mella. Wakati huo alikuwa ameolewa karibuni na ana mimba yake ya kwanza. Alikuwa mmoja wa wale waliorudi na kurudi kwenye meza ya Jumatano. Siku moja, mchana, alisimama ampimie mtu nyanya, akaanguka juu ya kreti zake. Mwili ulikuwa moto kama jiko. Tukampakia kwenye mkokoteni, mimi nimeshika kichwa, Mildred ameshika miguu, tukamfikisha barabarani, na Daktari akamkimbiza Tororo kwa lile gari lake bovu, akipiga honi njia nzima.

Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye figo. Akwi alipona, twamshukuru Mungu. Mtoto hakupona.

Kesho yake nilikwenda kumwona Akwi. Nilimkuta Daktari ameketi kwenye benchi nje ya wodi, mikono magotini. Nikadhani amechoka. Nikamwambia, "Daktari, pole. Umefanya kila uwezalo."

Akasema, "Hajati, huyu binti nimemtibu. Nimemtibu vizuri. Halafu nikamrudisha palepale panapomuumiza, nikamwambia anywe maji. Sasa huo ni udaktari gani?"

Nilikaa naye kwenye benchi mpaka walipotuita.

Ndugu zangu, watu wengi wakivunjika moyo huacha. Daktari alikosa Jumatano moja tu, na iliyofuata akaja sokoni, akapita meza yake, akaenda moja kwa moja kwa Mildred. Akaketi. Nikawafuata.

"Nimeandika," akasema. "Nimekwenda. Nimewaeleza mpaka sauti imekauka. Hawasikii."

Mildred alikuwa akigeuza chapati. "Daktari," akasema, "haja yako huwezi kumsimulia mwenzako. Kila mtu huisikia yake. Wacha waje hapa wenyewe."

"Waje kufanya nini?"

"Kunywa chai."

Ilichukua muda kidogo kwa Daktari kuelewa. Mimi, kwa kuwa ni mfanyabiashara, nilielewa mara moja. Nikawaambia, tusiwaite kwenye malalamiko, hawatakuja. Tumwite Mheshimiwa tumshukuru. Kiongozi anaweza kukosa msiba, anaweza kukosa harusi, lakini nionyesheni aliyewahi kukosa mahali anaposhukuriwa.

"Tunamshukuru kwa lipi?" Daktari akauliza.

"Tutajua akifika," akasema Mildred.

Daktari alitia masharti, na naomba mjue hili, maana ndiye yeye alivyo. Alisema, "Mimi ni mganga, siwezi kumtesa mtu." Hakuna kumfungia mtu mlango, hakuna kumzuia mtu kuondoka. Yeyote atakayeuliza choo aambiwe ukweli, palepale, bila kucheleweshwa.

"Hatumtesi," akasema Mildred. "Tunampa chai. Atakaa kama mwanamke wa soko anavyokaa, kwa nusu siku tu."

Mheshimiwa Emojong, siku ile ulipendeza. Ulikuja na suti ya kijivu na kofia, na walinzi, na sisi tukakupokea kwa vigelegele. Tukakuketisha pale mbele. Mildred akaja na birika. Chai ya maziwa, tangawizi ya kutosha, sukari ya ukarimu. Ukanywa kikombe, ukasifu, akakumiminia kingine. Likaja tikiti maji, limekatwa vizuri, jekundu, baridi. Ukaja uji wa ulezi, maana wauza ulezi wangeudhika. Ikaja soda. Mgeni wa kwetu hakatai kitu, na wewe Mheshimiwa ni mtu wa adabu sana.

Kisha zikaanza risala. Wakasoma wauza maharagwe, wakasoma wauza nyanya, wakasoma wauza samaki, wakasoma wa mitumba. Kwaya ikaimba wimbo wa gharika ya Nuhu, siku baada ya siku ya mvua ile, na nakumbuka kwamba hata beti zilipoisha maji yalikuwa bado hayajapungua. Nilikuwa nimeketi kando yako. Nikaona umekunja mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Baadaye kidogo wa kushoto juu ya wa kulia. Kisha ukaiweka yote chini, pamoja, kama askari wa gwaride, na tabasamu likaondoka usoni likiaga polepole. Ukamwita mlinzi alete gari. Mlinzi akaenda akarudi na habari kwamba gari limezibwa na malori, foleni imefika Malaba, na dereva wa lori la mbele yupo pale kwa Mildred anakula.

Ndipo uliponiinamia ukaniambia, kwa sauti ndogo kabisa, "Hajati, msalani ni wapi?"

Nikakuambia ukweli, kama masharti yalivyosema. "Mheshimiwa, hapa hakuna. Lakini ngoja nimwite Daktari akuelekeze."

Daktari akaja. Sasa, mimi naapa kwamba jambo lililofuata halikupangwa. Ni lile koo lake. Alikuinamia kwa heshima zote, ila mbele yako palikuwa na kipaza sauti cha kwaya, na soko zima, na madereva, na nusu ya Busia, wakamsikia Daktari akiuliza, "Mheshimiwa, leo umekwenda haja ndogo?"

Watu hawakucheka mara moja. Walisubiri waone wewe utafanyaje. Na wewe, kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho wa njia, ukasema, "Bado, Daktari."

Akakuonyesha tulivyo navyo. Hoteli: ufunguo ulikuwa kwa meneja, na meneja amekwenda mazishini. Ukuta: ulikuwa umejaa madereva. Ikabaki miwa. Mheshimiwa ulipita katikati ya soko hili, mrefu, kofia mkononi, walinzi wako nyuma yako, na kina mama wakakupisha kwa adabu, kila mmoja akitazama upande mwingine kama tunavyotazamana sisi kwa sisi kila siku. Ukaingia kwenye miwa. Walinzi wakageuza migongo.

Kisha tukamsikia Askari.

Sitasema zaidi kuhusu Askari. Nitasema tu kwamba Mheshimiwa alirudi kwa mwendo wa kasi kuliko alivyokwenda, na soksi zimejaa nyasi, na kofia ilirudishwa baadaye na mwenye shamba.

Sasa nataka kusema neno la sifa, na ninalisema mbele yake kwa sababu amelistahili. Mtu mwingine angetufukuza sokoni siku ile. Angetuma askari wa kweli. Wewe ulirudi kwenye kiti chako, ukapangusa suruali, ukashika kipaza sauti. Ukauliza, "Nyinyi mnafanyaje kila siku?"

Mimi mwenyewe, mwenye maneno yote haya, nikashika kurekebisha ushungi. Aliyesimama ni Akwi, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele ya watu.

"Sisi hatunywangi, Mheshimiwa," akasema.

"Hata maji?"

"Hata maji."

Ukaketi. Mchungaji alikuwa amepangiwa maombi ya kufunga mkutano. Akaona hayana haraka. Nami nilimwona Daktari Imalingat amesimama kando ya spika za kwaya, amevua miwani, lakini siku hiyo hakuwa akicheka.

Kamati ilikutana wiki iliyofuata, hapahapa, chini ya turubai la Mildred, na kikao kilikuwa kifupi kuliko vyote vilivyowahi kufanyika. Ikaamuliwa nyumba ya choo ikae upande wa Uganda na maji yatoke upande wa Kenya. Leo bomba linavuka mtaro usiku na mchana, na hakuna aliyelidai hati za kusafiria.

Msidhani ujenzi ulikwenda kama mchezo. Fundi wa kwanza alijenga milango ya wanawake ikatazama stendi ya malori, na mifupi, kwamba mtu akiingia anaendelea kusalimiana na madereva. Daktari alipoona, akamwita fundi, akamwingiza ndani, akamwambia achuchumae, kisha akasimama nje na kumsimulia kwa sauti kila anachokiona. Milango ikageuzwa siku hiyohiyo. Toka hapo Daktari alikuwa hapa kila akitoka kazini, akikagua vitasa, akimimina ndoo za maji kwenye mashimo, akijadiliana na mafundi kuhusu sabuni. Daktari bingwa wa watu na akili zake zote. Wenzake aliosoma nao wana zahanati zao Kampala, wana marumaru sakafuni. Yeye marumaru yake ndiyo hayo mnayoyaona, meupe, na yako chooni.

Lilizuka suala la jina. Kamati ilipendekeza kwa kauli moja jengo liandikwe Choo cha Daktari Imalingat. Mama Jovia akatuma ujumbe kwamba ameshavumilia kanisani, na ukutani hatavumilia. Tumeheshimu. Jengo halina jina. Limeandikwa tu Wanawake upande huu, Wanaume upande ule, na ule ukuta wa ghala, ndugu madereva, sasa hamna kisingizio tena.

Je, Daktari ametuponya? Muuguzi wake ananiambia kwamba tangu vyoo vilipoanza kujaribiwa, foleni ya Jumatano imefupika sana, na kuna Jumatano Daktari aliketi na gazeti. Akalalamika kwamba tumemnyima kazi. Mwezi huu anastaafu, anarudi Mella kulima karanga, na nawaonea huruma majirani zake, maana nina hakika ameshaanza kuwauliza maswali.

Mheshimiwa, nina ombi moja, nalo ni dogo. Choo kisicho na maji kinageuka kuwa ukuta wa ghala mwingine. Tuwekewe mfanyakazi wa kudumu wa usafi, na bomba lisikatwe wakati nchi mbili zikigombana mambo yao. Mkigombana, gombaneni, bomba liacheni.

Na kwako, Daktari. Tulitafuta zawadi ya kukupa, tukashindwa. Ng'ombe unaye, saa huvai, suti utaikataa. Mildred akasema anachotaka mzee huyu hakijawahi kubadilika tangu siku ile ya kreti ya soda, ila sisi hatukuweza kumpa. Leo tunaweza. Kina mama, kila mmoja ana chupa yake ya maji chini ya kiti. Akwi, wewe utaanza. Itoeni, mfungue. Msinywe kidogo kidogo kama tulivyozoea, kulowesha ulimi tu. Kunyweni mpaka chini, mbele yake, aone kwa macho yake.

Bismillahi.

Daktari, usilie, unawaharibia watoto sherehe.

Ndugu wageni waalikwa, mmeniazima masikio yenu katika jua hili na mmenivumilia, nami nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Mheshimiwa Emojong, mkasi uko kwenye sinia. Tafadhali ukate utepe bila hotuba ndefu. Kina mama wameshakunywa.